Kusitiri si Kufuta

Katika nyumba nyingi za nchi yetu pana sanduku moja ambalo halifunguliwi kila siku. Huenda likawa la bati, huenda likawa la mbao, au likawa mkoba wa ngozi uliokwisha fumuka mshono. Ndani yake mna cheti cha ndoa, hati ya shamba, barua zilizofifia wino, na picha za watu ambao nusu yao wamekwisha lala makaburini. Sanduku hili hufunguliwa siku ya msiba, au siku ya kesi ya ardhi, au siku mjukuu anapouliza, "Bibi, babu alikuwaje alipokuwa kijana?" Likiisha kufunguliwa hufungwa tena, na humo gizani adui zake wakaendelea na kazi yao. Mchwa hula, panya hutafuna, unyevu huota ukungu, na rangi za picha hupauka mwaka baada ya mwaka.

Kijana wa leo amepewa silaha ya kupigana na adui hao. Silaha hiyo ni skana, na huenda wewe msomaji umekwisha iona katika afisi ya shule au katika duka la kupiga chapa. Ni chombo bapa chenye kioo na kifuniko. Picha hulazwa kifudifudi juu ya kioo, kifuniko hufungwa, na taa hutembea polepole chini yake kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mahali peupe pa picha hurudisha nuru nyingi, mahali peusi hurudisha nuru chache. Vioo vidogo na lenzi huipeleka nuru hiyo kwenye safu ya vipokezi, na kila kipimo cha nuru hugeuzwa kuwa tarakimu. Uso wa babu, tabasamu lake na kofia yake, vyote huwa hesabu ndefu ambayo tarakilishi yaweza kuisoma na kuichora tena.

Si kila kitu hunakiliwa kwa namna moja. Karatasi ya maandishi hutosheka na nukta 300 katika kila inchi; picha ya kawaida hustahili 600. Slaidi, ile filamu ndogo yenye fremu ambayo zamani iliangazwa ukutani watu wakaitazama, ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24 tu. Ukiinakili kwa nukta 300 utapata picha isiyozidi ukubwa wa kidole gumba, lakini ukiinakili kwa nukta 2,400 utaweza kuhesabu vifungo vya shati. Tena slaidi haisomwi kwa nuru inayorudi bali kwa nuru inayopita ndani yake, na kwa sababu hiyo skana za kazi hiyo huwa na taa nyingine katika kifuniko.

Ufundi huu una umri mkubwa kuliko wengi wadhanivyo. Katika mwaka 1957, Mmarekani Russell Kirsch na wenzake walitengeneza mashine yenye pipa la kuzunguka, wakainakili picha ya mtoto wake mchanga, Walden. Picha ile ilikuwa na nukta 176 kwa 176 tu, nayo ndiyo picha ya kwanza kuingizwa katika tarakilishi kwa njia hiyo. Yafaa kukumbuka kwamba kitu cha kwanza mtu alichotaka kukinakili hakikuwa hesabu ya fedha wala ramani ya vita. Kilikuwa uso wa mwanawe.

Lakini kila uwezo huja na swali lake. Picha iliyogeuzwa kuwa tarakimu hubadilishwa kwa wepesi kama ulivyo wepesi wa kuinakili. Kwa dakika chache kijana aweza kuondoa doa, akalainisha uso, akabadili rangi ya nguo, au akamwondoa mtu mzima na kujaza ukuta mahali aliposimama. Basi nakuuliza, msomaji: je, mtu akipewa kazi ya kuhifadhi mambo ya kale, ana haki ya kuyatengeneza?

Usifanye haraka kujibu. Nisikilize kwanza nikupe mfano. Mfano huu nimeubuni, lakini mambo yaliyomo si mageni katika nchi yetu.

Mzee mmoja wa Nyeri amefariki akiwa na umri mkubwa. Mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, amepewa sanduku la picha ili azinakili kwa ajili ya kijitabu cha programu ya mazishi. Anafanya kazi usiku, moja baada ya nyingine, hata anafikia picha ambayo hajapata kuiona. Babu yake, kijana wa miaka ishirini, amesimama mbele ya ngome iliyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Amefunga kitambaa mkononi na ameshika mkuki. Kijana amesoma historia, anatambua anachokitazama. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa 1960, kitambaa kile kilikuwa alama ya walinzi wa vijiji waliotumikia serikali ya kikoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni. Na kijana tangu utotoni amesikia kwamba babu yake alipigania uhuru.

Baba yake mkubwa anaingia, anaiona picha juu ya kioo cha tarakilishi, ananyamaza kitambo. Kisha anasema, "Mwanangu, hiyo mtoe mkuki na hicho kitambaa. Uso ni mzuri, uache. Kesho watakuja watu wengi, na marehemu hasemwi."

Hapo ndipo penye swali letu. Anayeomba ni mzee wake. Heshima yamwamuru kutii. Anayeombewa ni maiti. Ubinadamu wamwamuru kumsitiri. Na kazi yenyewe ni nyepesi, haichukui robo saa. Ni kitu gani basi kinachoweza kumzuia?

Wapo watakaosema hakuna. Watasema kwamba picha ni mali ya jamaa, nao wanaweza kuifanya watakavyo, kama mtu anavyoweza kupaka rangi nyumba yake. Watasema pia kwamba wahenga walituusia: funika kombe mwanaharamu apite. Hoja hizi si za kupuuzwa. Nami sisemi kwamba aibu ya mtu ianikwe juani kama nguo. Mtu anayetembeza makosa ya marehemu mbele ya wageni si mkweli. Ni mkatili aliyejivika joho la ukweli.

Lakini tuitazame vizuri methali ile. Wahenga walisema funika kombe, hawakusema livunje. Mpita njia akiisha kupita, kombe hufunuliwa, na kilichokuwamo kimo. Kusitiri ni jambo la saa na mahali: leo mbele ya hawa sitasema. Kufuta ni jambo la milele: hakuna atakayejua kamwe, hata yule mwenye haki ya kujua. Anayesitiri ameiacha kweli mahali pake akaweka pazia. Anayefuta ameiondoa kweli, akaweka uongo ukae kitini pake. Vitendo hivi viwili hufanana kwa mbali kama chumvi na sukari zinavyofanana, lakini asiyezitenganisha ataharibu chakula.

Tena kufuta hakukuzaliwa na tarakilishi. Katika Urusi ya Stalin palikuwa na mkuu wa polisi wa siri aliyeitwa Nikolai Yezhov, ambaye alipigwa picha akitembea na Stalin kando ya mfereji wa Moscow. Yezhov alianguka katika neema akauawa mwaka 1940, na picha ile ikatengenezwa upya kwa mkono: mahali aliposimama pakawa maji matupu. Mtu huyu alikuwa amewapeleka wengi kwenye mauti, wala hatumlilii. Lakini waliomfuta hawakufanya hivyo kwa kuchukia maovu yake. Walitaka pasiwe na wa kuuliza nani alimpa kazi. Hiyo ndiyo desturi ya kufuta: huanza na uso wa mtu mmoja, ikaishia na swali la watu wote.

Sisi Wakenya tunayo sababu yetu wenyewe ya kuliogopa jambo hili. Kabla ya uhuru wa 1963, watawala walichoma sehemu ya majalada yao, na nyingine wakazipeleka Uingereza, zikafichwa. Miaka mingi ilipita. Wazee walioteswa kambini walisimulia, na wengi wakawaambia kwamba wanasimulia hadithi. Kisha mwaka 2011, wazee hao wakiwa mahakamani London, ilibainika kwamba majalada mengi yalikuwa yamewekwa katika jumba la serikali huko Hanslope Park. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Basi pima mwenyewe tofauti. Karatasi zilizofichwa zilirudi siku moja zikawasemea wazee. Karatasi zilizochomwa hazikumsemea mtu, wala hazitamsemea. Ufichaji ule ulikuwa dhuluma, lakini hata dhuluma ya kuficha ilibakiza mlango. Moto haukubakiza kitu.

Pengine utaniambia: "Mwandishi, hayo ni mambo ya serikali. Mimi nanakili picha za nyumbani. Je, hata vumbi nisiondoe?" Swali zuri, na jibu lake lahitaji mizani. Nionavyo mimi, kasoro katika nakala ni za aina tatu, na kila moja ina hukumu yake.

Ya kwanza ni vumbi la kioo. Unywele ulioangukia skana, alama ya kidole chako, picha iliyolazwa upande: haya hayamo katika picha, ni makosa yako wewe mwenye kunakili. Yaondoe bila wasiwasi. Afadhali zaidi, pangusa kioo kabla hujaanza.

Ya pili ni doa la karatasi. Huu ni mkunjo, ukungu, rangi iliyopauka, pembe iliyoliwa na panya. Haya yamo katika picha, lakini hayakuwamo siku ilipopigwa. Ni historia ya sanduku, si historia ya mtu. Kuyatengeneza si uongo, maadamu kwanza umeweka nakala moja kama picha ilivyo, na matengenezo ukayafanya katika nakala ya pili, ukasema wazi kwamba hii imetengenezwa. Kwa maana nani ajuaye? Huenda doa hilo ni chozi, au ni moshi wa nyumba iliyochomwa.

Ya tatu ni kovu la uso. Hili ni lile lililokuwako siku ile: kovu lenyewe, kiraka katika shati, mke wa kwanza aliyeachwa, mkuki na kitambaa. Hapa mkono wako hauna ruhusa. Waweza kuchagua picha nyingine ya kuonyesha wageni. Waweza kuiweka hii sandukuni hata siku yake ifike. Lakini ukiigusa hukuhifadhi tena, umebuni.

Mizani hii ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu nakala ya uongo haina sura ya uongo. Zamani aliyefuta neno kwa kisu aliacha karatasi imekwaruzwa. Siku hizi mkwaruzo hauonekani. Hata mashine yenyewe yaweza kudanganya bila kuamrishwa. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, David Kriesel, aliona ajabu katika ramani ya nyumba iliyopitishwa katika mashine ya kunakili. Vyumba vitatu vya ukubwa mbalimbali, cha mita za mraba 14.13, cha 21.11 na cha 17.42, vyote katika nakala vilikuwa vimeandikwa 14.13. Mashine ile, ili kupunguza ukubwa wa faili, ilikuwa ikitafuta alama zinazofanana na kutumia moja mahali pa nyingine. Nakala haikuwa na ukungu wala doa. Tarakimu zake zilikuwa kali na safi. Usafi huo ndio uliokuwa hatari yake, kwa maana hakuna anayekitilia shaka kitu kisafi.

Basi mwenye kunakili afanye nini? Watu wa pwani yetu walijibu swali hili kabla ya umeme kufika. Tungo nyingi za zamani zimetufikia kwa mikono ya waandishi walionakili kwa kalamu, herufi kwa herufi, kwa hati za Kiarabu. Mmoja wao alikuwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, ambaye miswada aliyowanakilia wataalamu wa Ulaya imehifadhiwa London hata leo. Desturi njema ya waandishi wa namna hiyo ilikuwa kuandika mwishoni mwa nakala jina la aliyenakili na tarehe. Maana yake ni hii: mimi ndimi niliyenakili, pakiwa na kosa, niulizeni mimi. Nawe fanya vivyo hivyo. Andika pamoja na kila nakala ni nani aliyeinakili, lini, kutoka katika sanduku la nani, na ni kitu gani kimebadilishwa ikiwa kimebadilishwa. Fundi asiyeogopa kutia jina lake hafanyi kazi ya aibu.

Wala usije ukatupa asili kwa sababu umepata nakala. Waingereza walijifunza somo hili kwa gharama. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme wao, mali ya nchi iliandikwa katika vitabu vya ngozi, na vitabu hivyo vyasomeka mpaka leo. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, walitengeneza vingine vya kisasa katika sahani za kusomwa kwa tarakilishi. Haikupita miaka ishirini, ikawa shida kupata mashine ya kuzisoma, ikabidi wataalamu wahangaike kuziokoa. Ngozi ya mnyama ilikuwa imeishi miaka 900. Basi weka nakala mahali pawili au patatu, na asili irudishe sandukuni, mahali pakavu, mbali na jua. Nakala hujibu tu yale aliyeinakili alikumbuka kuuliza. Asili yangoja maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Na hapo narudi kwa kijana wetu wa Nyeri, ambaye tumemwacha usiku kucha mbele ya baba yake mkubwa.

Hakumjibu mzee kwa ukali, wala hakumhubiria. Alisema, "Baba mkubwa, kwa programu nimepata hii ya shambani, babu anachuma kahawa. Watu wote wataipenda. Ile nyingine naomba niirudishe sandukuni kama ilivyo, nisiitie mkono." Mzee alikunja uso. Kijana akainua picha kutoka kwenye skana ili aifunge katika karatasi, na alipoigeuza aliona kwamba nyuma yake pana maandishi. Alikuwa amenakili uso, hakukumbuka mgongo. Kwa penseli, katika mwandiko wa babu, palikuwa na maneno machache: "1954. Ndugu yangu yuko msituni."

Mzee aliichukua picha akaishika karibu na taa. Kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha akavuta kiti akaketi, akaanza kusimulia habari za baba yake mdogo, aliyeingia msituni akafa huko bila kaburi, na za chakula ambacho mtu fulani alikuwa akikiacha usiku nje ya handaki, wala hakuna aliyepata kujulishwa ni nani. Kijana hakuwa amepata kulisikia jina lile hata siku moja. Kulipokucha, aliilaza picha tena juu ya kioo, safari hii chali, akaunakili mgongo wake.

Sikuahidi, msomaji, kwamba kila picha ina maneno ya faraja nyuma yake. Nyingine hazina kitu, na nyingine zina maneno mazito kuliko sura zenyewe. Huenda babu yule alitenda mema na mabaya kwa mkono mmoja, kama watu wengi walioishi nyakati ngumu. Lakini hilo si lako kuamua usiku mmoja kwa ncha ya kidole. Aliyekufa hawezi kujitetea, na asiyezaliwa hawezi kukuzuia. Baina yao umesimama wewe peke yako na kioo chako. Huyo wa kwanza amekukabidhi amana. Huyo wa pili atakuja kukudai. Ukipenda kusitiri, sitiri, maana huruma ni sehemu ya utu. Ila siku mwenye haki atakapokuja na ufunguo, asikute sanduku tupu.